Tuta la Mbele ya Msikiti na Gari Langu Jekundu

Hashimu Nandonde,
Kitongoji cha Msikitini,
Barabara ya kwenda Ruvuma,
Mtwara.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji,

Assalaam alaykum.

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA TUTA, KUSIMAMISHWA KWA SALFA, NA MENGINEYO YANAYOHUSU GARI LANGU

Kichwa cha barua kimejieleza, lakini najua ofisini kwako barua husomwa kichwa tu kisha hutumiwa kufunikia sahani ya mihogo. Leo nakuomba usome mpaka chini, hata kama mihogo itapoa.

Mimi ndiye yule mwenye gari la spoti. Nalisema kwa unyenyekevu, kwa kuwa kijijini hakuna lingine la kuchanganywa nalo. Nililinunua msimu wa korosho uliopita, bei ilipokuwa nzuri na akili yangu ikawa imesafiri, kutoka kwa mtaalamu mmoja wa mambo ya gesi aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Aliponikabidhi funguo alinishukuru mara nyingi sana, akanikumbatia, akataka kulia. Sikujiuliza kwa nini muuzaji ndiye anayeshukuru. Nilidhani ni adabu za kwao.

Sasa shida yangu ni hii. Jumamosi ijayo mpwa wangu Farida, binti wa dada yangu Mariamu, anapelekwa kwa mumewe. Mimi ndiye mjomba, na unajua kwetu mjomba ana uzito gani. Siku ya kupokea mahari, baada ya pilau, nilisimama bila kuombwa na mtu, nikatangaza kwamba binti huyu hatapelekwa kwa Noa ya kukodi kama mabinti wa watu wengine. Atapelekwa na gari la mjomba wake! Wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele vile, Mheshimiwa, ndivyo vilivyonifikisha hapa. Tangu siku hiyo Farida hajaomba kitu kingine chochote, na Noa ambayo binamu yake alijitolea kuikodi ameikataa. Jumamosi ikipita gari likiwa limekaa juu ya matofali, nitaitwa mjomba wa mdomo mpaka naingia kaburini, na huyo mtoto nitamtazama na uso gani?

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Tuta. Barabara inateremka kutoka kwa dada yangu kule juu mpaka msikitini, na mbele ya msikiti, mlangoni kabisa pa kina bwana harusi, kuna tuta. Sikatai kwamba lilijengwa kwa nguvu za wananchi, na kwamba mimi nami nilibeba udongo. Wakati ule nilikuwa mtu wa baiskeli na nilikuwa mkali mno kwa watu wa magari. Lakini gari langu liko chini kiasi kwamba kuku akitaka kupita chini yake anainama. Mara ya kwanza nilipovuka tuta hilo niliacha bampa. Mara ya pili niliacha bomba la moshi, na taarifa nilizonazo ni kwamba bomba hilo liko jikoni kwako, linatumika kupulizia moto. Sidai. Mama wa nyumbani kwako alipika uji kwa moto huo na mimi niliunywa. Ila tangu bomba liondoke gari linanguruma vibaya, na Imamu ameniomba nisiliwashe karibu na saa za swala. Kwa hiyo mara nyingi napita msikitini nikilisukuma, nimevaa kanzu, nikijifanya ni jambo la kawaida.

Naomba tuta lifukuliwe lote kabla ya Jumamosi.

2. Salfa. Naelewa kuwa mikorosho iko kwenye maua na ugonjwa wa ubwiri unga haumsubiri mtu. Lakini kila alfajiri mashine za kupulizia zikianza kulia mashambani, ule unga wa njano wote unakuja kutua juu ya gari langu. Gari nililonunua jekundu sasa lina rangi ya embe lililoiva upande mmoja. Mwezi uliopita likaanza kukohoa njiani, likazima. Pedro, fundi wetu aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, ambaye ndiye anatengeneza mashine za salfa za kijiji kizima, alifungua akakuta ea klina, yaani chujio la hewa, imeziba kabisa. Mpya haipatikani Mtwara. Basi akaenda nyumbani kwangu, akachomoa chujio la mashine yangu mwenyewe ya salfa, akalipunguza kwa kisu, akalipachika kwenye gari. Likawaka! Nilimkumbatia Pedro kama yule mtaalamu wa gesi alivyonikumbatia mimi.

Siku ya pili yake ndipo nilipokumbuka kwamba mashine ya salfa sasa haina chujio, na kwamba mikorosho yangu ndiyo pekee kijijini isiyopuliziwa. Wataalamu wa utafiti wa korosho wa Naliendele wametufundisha mara ngapi kuhusu kupulizia kwa wakati? Mimi ndiye niliyekuwa nakaa mbele, nikitikisa kichwa. Korosho ndiyo iliyonunua gari, na sasa gari linaimaliza korosho.

Naomba wananchi wote wasitishe kupulizia mpaka Jumapili. Maua yao yakinyauka tutakuwa sawa, hakutakuwa na wa kumcheka mwenzake.

3. Sevisi. Kijitabu cha gari kimeandikwa kwa lugha ambayo si mimi wala si Pedro anayeifahamu. Pedro hutazama picha, kisha huomba soda. Oili linayotaka ni ya namna yake, na tukilitia ile ya trekta linawasha taa nyekundu ya kunitazama usiku na mchana. Petroli napata mjini, ila nikishakwenda mjini na kurudi, mafuta niliyojaza yanakuwa yamekwisha kwa safari ya kwenda kuyajaza. Kuhusu tairi, yule bwana wa pancha pale Rahaleo aliniuliza kama ni za toroli. Nikamwambia ndiyo, nikaona aibu kueleza.

Lakini kilichonichosha hasa ni breki. Breki ya mkono tuliinunua tayari ikiwa marehemu. Hizi za miguu nazo zikaanza kulia kama mbuzi anayepelekwa machinjoni, Pedro akasema pedi zimekwisha. Duka la vipuri wakasema gari hilo hawajawahi kuliona, nilete sampuli. Nikapeleka sampuli. Wakaipokea wauzaji wote watatu, wakaizungushazungusha, wakanipa pole, wakasema sampuli iende Dar. Kwa hiyo Pedro alizing'oa pedi zote, akazifunga kwenye mfuko wa salfa, tukazikabidhi kwa kondakta wa basi. Hivi sasa zinazunguka Kariakoo mikononi mwa mtu anayetafuta za kufanana nazo. Naeleza haya ili uone gharama tu, siyo kwamba kuna hatari yoyote.

4. Bi Rehema. Yeye ndiye somo wa Farida, aliyemfunda tangu unyagoni, na kwa desturi hambanduki ubavuni mwake mpaka amkabidhi kwa mumewe. Vizuri. Lakini gari langu lina viti viwili. Nimelimiliki msimu mzima, nimelifuta, nimelipiga picha, nimeliombea dua, na wiki iliyopita tu ndipo nilipogundua kwamba bibi harusi akikaa na somo wake akikaa, dereva hana pa kukaa. Kwa heshima zote nilimshauri Bi Rehema afuate nyuma kwa pikipiki. Alinitazama kuanzia ndala mpaka kofia, akanikumbusha kwamba hata mke wangu Nasra ni yeye aliyemfunda, na kwamba yapo mambo yangu anayoyajua.

Naomba ofisi yako imwandikie barua yenye mhuri, imwamuru apande pikipiki. Jina langu lisitajwe.

5. Kaya maskini. Naomba kaya yangu iandikwe kwenye orodha ya kaya maskini zinazopewa msaada. Najua watakaokuja kukagua watasema mwenye gari la spoti hawezi kuwa maskini. Waje waingie jikoni! Nasra anapika kisamvu leo, alipika kisamvu jana, na kesho ameniambia atabadilisha, atapika kisamvu bila nazi. Majirani zangu wasio na gari wana mbuzi. Mimi sina mbuzi kwa sababu nina gari. Mbuzi wa mwisho alikuwa ni hiyo tairi ya nyuma kushoto. Gari hilo linalala kwenye ghala la korosho chini ya bati jipya, na sisi paa letu linavuja. Linakula kuliko mtu yeyote nyumbani na halileti hata kuni. Kwa hali hiyo liandikwe kama mtegemezi, na mimi niandikwe kama mgonjwa.

Iwapo maombi haya yataonekana mazito, nashauri njia rahisi zaidi: barabara yenyewe ihamishwe ipite kwenye shamba lako la mihogo, ambalo ni tambarare na halina tuta. Na kama mihogo itakuuma, basi uhamishwe msikiti. Hilo nimeshaligusia kwa Imamu. Aliniambia niende nyumbani nikapumzike.

Mheshimiwa, mimi si mtu wa makuu. Nilitaka tu, siku moja katika maisha yangu, watu watoke nje kutazama mtu wa kwetu akipita. Dada yangu alipelekwa kwa mumewe kwa miguu, kwenye tope, mimi nikibeba godoro nyuma. Sikulisahau lile godoro.

Nangoja mhuri wako. Nisalimie wajumbe wote wa halmashauri ya kijiji, pamoja na yule anayelala kwenye vikao. Msalimie Imamu, umwambie nimepumzika. Msalimie Mama na jiko lake. Pedro naye anakusalimu, anasema plagi ya pikipiki yako iko tayari ila ameiazima kwa muda, ameipachika kwenye gari langu.

Wako mtiifu, mjomba wa bibi harusi,
Hashimu Nandonde

Baada ya kutia sahihi:

Barua hii nilikuwa nimeshaikunja, Bi Rehema akaja kwa dada kule juu ili yeye na Farida wajaribu viti. Nilikuwa nimelipeleka gari huko likaoshwe salfa, nimelizuia kwa jiwe. Wakakaa, Farida kushoto, Bi Rehema kwenye usukani. Nimeinama dirishani namwonyesha Farida redio, Bi Rehema akafunga mlango wake kwa nguvu, jiwe likachomoka chini ya tairi, gari likaondoka.

Halikuwashwa, Mheshimiwa. Liliteremka kimya kimya kama gari la mfalme, Bi Rehema ameushika usukani kama ungo, anasoma dua zote anazozijua. Wanawake waliokuwa kisimani wakadhani ni mazoezi ya Jumamosi, wakatupa ndoo, wakakimbia nyuma wakiimba na vigelegele juu. Watu walitoka nje nyumba kwa nyumba kutazama. Mimi nilikuwa wa mwisho, ndala moja mguuni, nalia waziwazi bila kujificha. Gari likafika kwenye tuta, likalilalia kwa tumbo, likasimama. Mlangoni kabisa pa kina bwana harusi.

Farida alitoka akicheka mpaka anashika mbavu. Akanikumbatia, akasema Jumamosi apelekwe hivyo hivyo, namna nyingine yoyote hataki. Bi Rehema alipopata pumzi alisema kiti kile cha usukani ni chake na tusimletee habari za pikipiki.

Kwa hiyo salfa iendelee. Chujio langu nimelirudisha kwenye mashine, kesho alfajiri nami naingia shambani. Petroli haihitajiki tena, na barabara ibaki ilipo. Ila hilo tuta nakuomba sana, kwa jina la Mungu, mtu yeyote asiliguse! Pedi bado ziko Kariakoo. Na kama inawezekana liongezwe kimo kidogo kabla ya Jumamosi, maana bibi harusi siku hiyo atakuwa na dhahabu na Bi Rehema atakuwa ameshiba. Wananchi usiwasumbue. Baiskeli yangu ile bado ninayo, udongo nitabeba mimi.