Vita vya Tawi la Mtufaha

Kachu! Kisha kimya. Kisha kachu tena, kubwa kuliko ya kwanza, ikivuma nyuma ya nyumba za matofali za Harlowburn.

Enyi mlioketi na mliosimama, acheni chai yenu ipoe mnisikilize! Nawaletea habari za Cuthbert Hindmarsh, Simba wa Bustani, mchimba makaa mstaafu, mkuza liki, zile mboga ndefu za jamii ya kitunguu, asiyetishwa na ukungu wala konokono, ambaye akiwa na miaka sabini na mmoja aliivamia sheria ya Uingereza peke yake, miwani puani.

Adui alikuwa tawi. Lilichomoza katika mtufaha wa jirani yake, Bi Enid Thirlwell, likavuka uzio bila ruhusa ya mfalme wala ya diwani, likatandaza kivuli juu ya liki tatu alizozilea Cuthbert kama wana wa sultani. Zilibaki wiki sita kufikia mashindano ya liki. Mwaka uliopita alishindwa kwa upana wa ukucha, na mshindi alimkumbusha kila Ijumaa kilabuni. Na liki isiyoona jua hainenepi.

"Si ubishe hodi tu, umwombe alikate?" akasema mkewe, Doreen, mkono kiunoni.

Shujaa akapauka. "Nibishe hodi? Miaka kumi na mmoja tumekaa ukuta kwa ukuta na yule mama, hatujawahi kuzungumza zaidi ya mvua! Leo nimtokee mlangoni na maombi, kama kichaa?"

"Sasa utafanyaje?"

"Nitasoma sheria."

Doreen akacheka hadi chai ikampalia. "Wewe? Mashine ya kufulia tu imekushinda!"

Lakini kila Jumanne Cuthbert alikwenda maktabani, kwenye darasa la sheria kwa wanaoanza, akapigana na kitabu kizito kama jiwe la kaburi. Akagundua kwamba sehemu kubwa ya sheria ile ilijengwa na majaji, hukumu juu ya hukumu, kwa kuwa majirani wa nchi ile, tangu enzi za wafalme wenye panga, wameona ni rahisi kushtakiana kuliko kusemezana. Wiki ya tatu akaipata silaha yake: tawi likivuka mpaka, unaweza kulikata, mradi usipite mpaka hata inchi moja, wala usikanyage kwa mwenzako.

Akafunga kitabu papo hapo, akakiazima, akakimbilia nyumbani. Akapima mpaka kwa uzi, mara tatu. Akainua mkasi wa bustani, ulimi nje. Kachu! Kachu! Tawi likaanguka kama mnara wa ngome, na jua likazishukia liki.

"Ushindi!" akanguruma.

"Ngoja kidogo, mzee." Doreen alikuwa na kitabu mkononi. "Hukumaliza ukurasa. Tawi na matunda yake bado ni mali ya mwenye mti. Hapa kuna matufaha tisa."

"Nitayarusha juu ya uzio."

"Umrushie mtu takataka kwake? Sheria gani hiyo?"

Hapo mwamba ule ukatetemeka. Hatua ishirini zilimtenga na mlango wa jirani, nami naapa hakuna jeshi lililowahi kwenda safari ndefu kuliko ile. Akabisha.

"Bi Thirlwell," akatangaza, tawi begani, "kwa mujibu wa sheria ya nchi hii, nakukabidhi mali yako!"

Bi Enid akautazama mkasi. "Umekatia hicho kibutu, Cuthbert? Msumeno ninao. Tangu masika naona hilo tawi linakunyima jua, nikasema akiniomba tu, nalikata. Nawe kila asubuhi unaniambia mvua inakuja!"

Vizazi na vizazi vikumbuke siku hiyo, Harlowburn ilipomwona Cuthbert Hindmarsh akishindwa na kushinda kwa pumzi moja. Alivua kofia, masikio mekundu kama matufaha.

"Bi Enid," akasema, "mwakani, kabla sijafungua kitabu chochote, nakuahidi, nitabisha hodi."