Chuma cha Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Vita vimetangazwa. Jana baada ya ibada kamati ya ukumbi wa kanisa ilikutana, ikapendekeza paa la chuma lishushwe. Kenchi zote sita, zile fremu zinazobeba mabati! Eti kutu. Eti Kioko ataweka za mbao. Kioko ni seremala. Hata ukimwonyesha jino bovu atakushauri mbao.

Nikasimama. Nikawaambia kenchi zile nilizichora mimi, Ngowa, mwaka 1992, kwa mkono huu huu, na nitathibitisha kwa hesabu kuwa bado nzima. Nikawagawia na nakala za mchoro. Nilitarajia makofi. Mtu mmoja alikohoa. Mama Jerioth, mwenyekiti wetu, akanipa hadi Jumamosi. Nisipoleta hesabu, kenchi zinakatwa na kuuzwa kwa watu wa vyuma chakavu Changamwe.

Hapa naandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma. Sitetei chuma. Harusi ya kwanza chini ya paa lile ilikuwa yangu na Kafedha. Miaka mitatu iliyopita, alipofariki, waombolezaji walikaa mle mle. Nikiingia ukumbini nikatazama juu, nahisi ameketi kiti cha pili. Paa likishushwa sijui nitakuwa natazama wapi.

Mpango: ile hesabu ya vipande vidogo vidogo tuliyofundishwa chuo cha ufundi. Rahisi. Unaligawa paa chuma kwa chuma. Kila chuma unakiuliza ugumu wake: unene wake, mara ukaidi wa chuma chenyewe, gawanya kwa urefu. Majibu yote unayakusanya kwenye jedwali moja, nalo linakwambia paa litashuka milimita ngapi likibebeshwa mzigo. Mwalimu Bramwel alikuwa akisema kitu kikubwa ni vitu vidogo vilivyokubali kushikana. Kesho nitamaliza kabla ya chai.

Jumanne, 5 Agosti

Sikumaliza kabla ya chai. Wala kabla ya chai ya saa kumi.

Mchoro wangu una viungo saba na vyuma kumi. Pembetatu kushoto, pembetatu kulia, pembetatu kileleni, na katikati mraba. Mraba ule ndio fahari yangu. Wenzangu wote walichora pembetatu tupu. Mimi nikaweka dirisha. Ila ukumbini kuna kasoro. Fundi aliyezichomelea, sasa marehemu, aliongeza chuma kimoja cha mshazari ndani ya kila mraba. Akaukata vipande viwili! Sijui nani alimtuma. Nimekinung'unikia miaka thelathini na tatu. Kila tulipoalikwa harusi mle nilimwonyesha Kafedha, nikamwambia tazama mlevi yule alivyoniharibia. Naye hutabasamu, hunipa soda. Basi, kwenye mchoro wangu hakimo, na kwenye hesabu hakitaingia.

Kila kiungo kina njia mbili za kusogea: kando, na juu au chini. Viungo saba, njia kumi na nne. Jedwali la kumi na nne kwa kumi na nne, yaani vyumba mia moja tisini na sita. Nimelichora nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Kikokotoo changu kinatumia jua, kwa hiyo nimefanya kazi uani. Kusi likaipeperusha kalenda mara mbili, mara ya pili hadi kwa jirani mwenye mbuzi. Safu ya tisa ililiwa pembeni. Nimeikokotoa upya.

Jibu: paa linaweza kuwa popote. Kwa mujibu wa hesabu linaweza kukaa hapa Mikindani au likahamia stesheni ya Miritini, yote sawa. Ajabu.

Jumatano, 6 Agosti

Nilikwenda ukumbini kupima tena. Nikamkuta Kioko na utepe wake, anapimia mbao za kazi ambayo hajapewa. Binti yake Linda alikuwa naye. Anasomea uhandisi Nairobi, yuko likizo. Akaniamkia shikamoo kwa adabu kamili, nami nikaitika marahaba kwa shingo upande. Sikutaka kumpenda. Akaomba kuiona kalenda. Aliitazama kwa muda mfupi wa kuudhi.

"Mzee, hukuliegemeza popote," akasema. "Kuta ziko wapi?"

Nilisahau kuta! Paa limekalia ukuta huku na huku, na hesabu haijui mpaka uiambie: kiungo hiki hakisogei kabisa, na kile cha upande wa pili hakishuki. Usipoiambia, paa linaelea tu. Kioko alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akasema kwao Machakos hata kuku anajua paa hukaa juu ya ukuta.

Nimerudi nyumbani bila hasira niliyostahili kuwa nayo. Sababu ni kwamba kosa hili si geni. Mwaka 1990 nilisimama ubaoni, mbele ya darasa zima, nikakokotoa daraja bila kulishika popote. Msichana pekee darasani akanyoosha mkono. Akauliza kama lile ni daraja au tiara ya kurusha upeponi. Kafedha wa Kaloleni, sketi ya buluu, penseli sikioni. Darasa likaangua kicheko. Nilimchukia wiki mbili, kisha nikamwomba anifundishe. Tulikaa chini ya ngazi za karakana, mhogo wa kukaanga katikati yetu, kifutio kimoja kwa watu wawili. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa penseli siku zote. Ningempa Kioko paa zima nikirudishiwa alasiri moja ya zile. La. Nusu ya paa.

Alhamisi, 7 Agosti

Kuta nimeziweka. Njia tatu zimefungwa, zimebaki kumi na moja. Tangu asubuhi napunguza safu moja baada ya nyingine. Safu ya kwanza, salama. Ya tano, salama. Ya kumi, nikaanza kuimba. Ya kumi na moja ikatoa sifuri. Natakiwa nigawanye kwa sifuri! Nimerudia mara tatu. Sifuri haikubanduka.

Mbinu ya kwanza: niliandika milimita tatu. Ni jibu la heshima, halijivuni wala halitishi. Lakini Linda atauliza nimelitoa wapi.

Mbinu ya pili ni bora. Mchoro wangu na ukumbi vinatofautiana kwa jambo moja tu, kile chuma cha mlevi. Kwa hiyo mwenye makosa si mchoro. Ni ukumbi. Nikikikata kile cha kenchi ya katikati, walau kenchi moja itafanana na hesabu, na Jumamosi kamati wakitazama juu watauona mraba wangu kama nilivyouwaza ujanani. Nani atashusha kitu kizuri namna ile? Kesho nitaazima ngazi. Nitasema nakwenda kutoa utando wa buibui.

Ijumaa, 8 Agosti

Ngazi nilipewa. Mama Jerioth alinishukuru kwa moyo wa usafi. Msumeno wa chuma nilikuwa nimeufunga ndani ya fagio. Kusi lilikuwa limechachamaa, mabati yakigongana upande mmoja wa paa. Nikapanda. Nikaanza kukata. Msumeno ulikuwa umeingia kama milimita mbili niliposikia mlango. Linda, kompyuta kwapani.

Hakupiga kelele. Alikuja hadi chini ya ngazi, akaishika kwa mikono miwili.

"Shuka kwanza, mzee," akasema. "Hicho ndicho kinachozuia kenchi isilale."

Nilishuka. Akafungua kompyuta juu ya benchi. Alikuwa ameichora kenchi kama ilivyo, vyuma kumi na kimoja. Akaipa uzito, ikashuka kidogo, ikatulia. Kisha akakifuta kile cha mshazari. Uzito ukiwa sawa pande zote, mraba unavumilia. Akaleta upepo wa upande mmoja, kusi la kila siku tu. Mraba ukalala, kilele kikaufuata, na kompyuta ikasema kile kile nilichoambiwa na kalenda, kwamba jibu hakuna. Akanieleza taratibu kwamba pembetatu haina namna ya kulala bila chuma kuvunjika, lakini mraba hulala wenyewe. Akauliza nani alikokotoa chuma cha kumi na moja. Unene wake ni sawasawa kabisa, akasema, si wa kubahatisha.

Nilikwenda nyumbani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ingawa methali haisemi atainukaje. Sanduku la Kafedha, mvunguni mwa kitanda, sikuwa nimelifungua tangu tumzike. Leso zake, cheti chake, daftari lake la viboksi. Ndani ya daftari, kenchi yangu, kwa mkono wake. Na pale mwisho wa hesabu, ile sifuri yangu, imezungushiwa duara jekundu! Ukurasa wa pili vyuma ni kumi na kimoja na hesabu inatoka safi. Chini yake ameandika maneno ya kumpelekea fundi:

"Ongeza hiki kwenye zote sita. Usimwambie Ngowa, atanuna. Nitamwambia mwenyewe baada ya harusi."

Tarehe ni wiki mbili kabla ya harusi. Hakuniambia. Miaka thelathini alinisikiliza nikimtukana fundi wa watu, akanipa soda. Nimelia. Naandika wazi: nimelia mpaka mbuzi wa jirani akaja kuchungulia.

Jumamosi, 9 Agosti

Kamati. Kioko akaanza, nakala ya mchoro wangu mkononi. Kwa mara ya kwanza maishani alisema kweli. Alisema hapa katikati kuna mraba mtupu, na seremala yeyote anajua lango lisilo na mshazari huinama. Kwa hiyo paa hili limechorwa na mtu asiyejua, na lishushwe kabla halijaua watoto wa shule ya Jumapili. Wote wakanigeukia. Nikitetea mchoro, paa linakwenda. Nikitetea paa, fahari ya miaka thelathini na tatu inakwenda. Mbinu ya tatu ilikuwa kuzimia, lakini viti vilisongamana, hapakuwa na pa kuangukia.

Nikafungua daftari, nikasoma. Neno "atanuna" nililisoma mara mbili.

Mama Jerioth alicheka kwanza, kisha akavua miwani na kuifuta. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa bibi harusi siku ile. Akasema alijua. Akina mama wote wa kwaya walijua, na kila niliponyoosha kidole juu walitazama sakafu wasije wakacheka.

"Tulimwuliza kwa nini hakwambii," akasema. "Akatujibu, mwacheni na mraba wake, anaupenda. Paa halitaanguka, nimeshaangalia."

Nilikaa chini. Linda akamalizia. Bamba mbili bapa zinazoshikilia viungo upande wa barabara kuu zimeliwa na kutu. Alizigawa katika pembetatu ndogo elfu mbili. Mimi ningezigawa mbili, kama manda ya sambusa. Zibadilishwe, akasema, na kenchi ya katikati ichomelewe mahali palipokwaruzwa na mtu wa utando wa buibui. Hakunitaja jina. Mtoto ana adabu.

Mikono ikanyooshwa. Paa linabaki! Jina la Kafedha litaandikwa ukutani karibu na mlango. Kioko amepewa kutengeneza milango mipya, akaridhika. Alinipa mkono akasema huyo mama alikuwa fundi. Nilimwambia ndiyo, alikuwa. Halikuniuma hata kidogo.

Jumapili, 10 Agosti

Ibada ilifuatiwa na chai ukumbini. Nilikaa kiti cha tatu, cha pili nikakiacha wazi, nikatazama juu. Mishazari sita. Sijui niliwezaje kuiita mibaya. Nimeapa moyoni kwamba kuanzia leo nitakuwa mtu wa kuuliza kwanza.

Kisha Mama Jerioth akatangaza kwamba kamati inataka mnara wa tangi la maji nyuma ya jiko, na kwamba Linda atauchora kabla hajarudi chuoni. Linda! Mtoto wa juzi! Hapa pana mtu ambaye paa lake limesimama miaka thelathini na tatu, na hakuna aliyemtazama. Nilirudi nyumbani sikumaliza hata andazi.

Mchoro uko tayari. Miguu minne mirefu, myembamba, na miraba mitatu juu kwa juu, ili mtu aone mawingu katikati. Mshazari hakuna hata mmoja. Kwenye tangi hauna kazi, kwa sababu maji hujilaza sawa pande zote. Hesabu nimeipunguza hadi safu ya mwisho, ikatoa sifuri. Nimeandika milimita tatu. Nimeuita Mnara wa Kafedha, tuone nani atathubutu kuukataa.

Kesho alfajiri nampelekea Mama Jerioth kabla Linda hajaamka. Kwa sasa mchoro nimeuacha wazi mezani, upande aliokuwa akikaa Kafedha, na penseli juu yake.