Bibi Aliponisifu Mbele ya Kamati

Wenzangu, leo nimefedheheka. Tena si kidogo. Nimefedheheka ndani ya nyumba yetu wenyewe, dirisha likiwa wazi, na aliyenifedhehesha ni bibi yangu. Najua Mbaraka keshakimbilia barazani kuwasimulia, lakini Mbaraka alikuwa nje ya dirisha, hakuona kitu. Nisikilizeni mimi niliyekuwa ndani. Nayaandika kwa sababu uso wa kuja huko sina.

Mnajua jambo lilivyoanza. Sote tunaoomba chuo kikuu cha bara tuliambiwa tuandike maelezo ya nafsi zetu kwa Kiingereza, ukurasa mmoja: wewe ni nani, umefanya nini, na kwa nini uchukuliwe wewe asichukuliwe mwengine. Nafasi chache, waombaji wengi, na mimi nataka udaktari. Nautaka hasa. Nisipoupata mwaka huu, ami yangu ameshanitafutia ukarani bandarini, na mtu akishakikalia kiti cha ukarani huwa hainuki tena.

Sasa, mimi nimelelewa na Bibi, Bi Mize, tangu sijaota meno, na katika nyumba ya Bi Mize mtu hajisifu. Ukijisifu unaiita husuda, nayo husuda ikiitwa haichelewi. Kwa hiyo karatasi yangu ya kwanza nikaandika kwamba mimi ni mtu mdogo tu, sina la kusema juu ya nafsi yangu, waulizwe wengine. (Niliiona nzuri sana. Niliirudia kuisoma kwa raha zangu.)

Nikampelekea Maalim Ali, aliyetusomesha sote, ambaye sasa kamati ya chuo imemfanya mkalimani wake. Aliisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Seif, hii barua ya kuomba msamaha?"

"Maalim, mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

"Wewe hugemi. Kaandike."

Akanifundisha. Usiseme wewe hodari, akasema, kila mtu atasema yeye hodari. Sema ulilolifanya kwa mikono yako, jambo ambalo likisomwa bila jina mtaa mzima watajua ni wewe. Nikaandika upya. Nikasema mimi ni mzima wa afya. Nikasema naamka alfajiri kusoma. (Kweli kabisa. Siku nyengine naamka kwa maji ya Bibi, lakini naamka.) Nikasema majirani wakitoka hospitali huniletea chupa zao za dawa niwasomee maandishi ya Kizungu, na hapo ndipo nilipoanza kuutamani udaktari. Maalim akasema sasa angalau kuna mtu ndani ya karatasi, ijapokuwa amesimama mbali kidogo.

Jana ikaja habari kwamba kamati itapita majumbani kuzungumza na walezi. Kwetu Kajificheni wanakuja leo baada ya adhuhuri: Maalim, na memsahibu mmoja. Nikamwambia Bibi, nikamsomea na karatasi kwa Kiswahili, nikamwomba athibitishe tu yaliyoandikwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila ya kutikisika.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema. "Na wewe umejitembeza mpaka kwa Wazungu."

Nikadhani yamekwisha hapo. Sikujua kuwa ameshaamua kuniokoa.

Asubuhi alifanya visheti, akafukiza udi, akanituma Darajani kununua halua. Niliporudi alinishika kidevu, akanipaka masizi ya chungu nyuma ya sikio, kama anavyopakwa mtoto mchanga siku ya kutolewa nje, husuda isimpate. Mimi, mwenye ndevu.

"Bibi, nimevaa shati jeupe."

"Ndiyo maana nimekupaka nyuma."

Wageni wakapiga hodi. Bibi hajitokezi mbele ya mwanamume asiye jamaa yake, kwa hiyo alivuta kiti akakaa nyuma ya pazia la mlango wa chumbani. Hapo ndipo nilipogundua kosa langu. Siku nzima nilikuwa nimejitayarisha kumwongoza Bibi kwa macho. Mtu aliye nyuma ya pazia utamkonyeza vipi?

"Shikamoo, Bi Mize," Maalim akaliambia pazia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Nyumba yenyewe mbovu hii, na hivyo visheti havina ladha."

Memsahibu akafungua karatasi yangu, akatoa kalamu. Kiswahili chake ni 'ahsante' tu, kwa hiyo kila neno lilipita kwa Maalim. Akauliza kwanza: kijana ameandika kuwa ana afya njema, ni kweli?

"Afya!" Pazia likaguna. "Maskini ya Mungu. Mgonjwa mgonjwa tu huyo. Upepo ukivuma, yeye chini."

Maalim akafasiri. Memsahibu akaandika. Mimi nikakohoa, ili Bibi azindukane.

"Mnamsikia? Kifua hicho. Basi na usiku ndo husemi."

Nikakohoa kwa nguvu zaidi. Mate yakanipalia, kikawa kikohozi cha kweli, machozi yakanitoka. Memsahibu akasogeza kiti chake nyuma.

"Ameandika kuwa huamka alfajiri kusoma," akasema Maalim.

"Huyo? Ukitaka kumwamsha huyo, uje na ndoo."

Nje ya dirisha mtu akacheka. Cheko lile nalijua. Mbaraka anakaa nyumba ya mbele, na yeye pia anaomba chuo kikuu, na baraza nzuri ya kukaa kuliko zote hapa Unguja leo aliiona ya chini ya dirisha letu.

"Na majirani, Bi Mize? Ati huwasomea chupa za dawa?"

"Chupa zimeandikwa, mwanangu. Kitu kilichokwisha kuandikwa, nani hakisomi?"

(Bibi hasomi. Na hicho Kizungu cha kwenye chupa, chumba kizima kile tulikuwa tunakisoma watu watatu, na wawili ni wageni.)

Nikafungua kinywa kumweleza memsahibu mila zetu. Akanizuia kwa mkono, kwa upole, kama unavyomzuia yatima asijitie katika maneno ya wakubwa. Kisha akauliza kwa sauti ya huruma: je, lipo jambo lolote jema Bibi anaweza kulisema juu ya mjukuu wake? Hata moja?

Bibi alifikiri. Tulimsikia akifikiri.

"Kukojoa kitandani kaacha."

Maalim akafasiri akitazama sakafu. Memsahibu akainua kalamu, akauliza, lini?

"Lini, Bi Mize?"

"Aaa. Si zamani sana."

Huko nje Mbaraka alikuwa hacheki tena, alikuwa analia. Jasho lilinitiririka, masizi nayo yakaandamana na jasho mpaka kwenye kola, na memsahibu akaitazama ile kola akaandika jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Wallahi nilikasirika. Niliuona udaktari unatoka mlangoni, na ukarani unaingia, unavua viatu, unakaa. Lakini hasira yenyewe ilinikaa vibaya. Bibi amezika watoto wake, na mmoja wao ni baba yangu, aliyekuwa na sauti ambayo watu waliisifu maulidini mbele ya kadamnasi, na wiki ileile akalala asiinuke. Mwanamke huyu hakuwa ananitukana. Alikuwa ananificha. Utamweleza vipi memsahibu hilo kwa Kiingereza cha shule?

Hapo memsahibu akamwinamia Maalim, akamnong'oneza. Mimi nilikuwa karibu, nilimsikia vizuri. Alisema visheti ni vitamu sana, je, si utovu wa adabu akichukua kimoja zaidi?

Maalim akatikisa kichwa polepole, uso umekunjamana kama anayetoa hotuba ya Ijumaa. Akaligeukia pazia.

"Bi Mize, memsahibu anasema amekusikia, na anakushukuru kwa ukweli wako. Kwa kuwa huyu hafai, basi nafasi ya mtaa huu atamwandikia Mbaraka wa nyumba ya mbele."

Huko nje kilio cha Mbaraka kilikatika.

Kisha pazia likafunguka. Sijapata kumwona Bibi akijitokeza mbele ya mwanamume wa nje, lakini leo alitoka, kanga kaivuta mpaka kwenye nyusi, na Maalim akayainamisha macho yake upesi.

"Mbaraka? Mbaraka huyu wa hapo mbele, ambaye mpaka juzi kanzu anavalishwa na mama yake? Kamsomea nani chupa, Mbaraka? N'ambie. Mwambie huyo memsahibu aweke kalamu sawa." Akanielekeza kidole kifuani. "Huyu hajaugua tangu surua. Huyu, jirani yetu alipopandwa na homa, alikaa naye mpaka kukacha, anampa dawa kwa kutazama saa. Mtaa huu mtu akijikata kidole, haitwi baba yake, anaitwa Seif."

"Bibi," nikasema, "yatosha."

"Nyamaza. Ulitaka kusifiwa, sifiwa." Akavuta pumzi. "Na mwambie haya. Mimi baridi yabisi imenikamata mabega, mikono haipandi tena kichwani. Basi nani ananisuka? Wake za watu wana kazi zao. Ananisuka huyu. Kila Jumatano mimi nakaa chini kwenye mkeka, yeye kwenye kiti, ananitia mafuta ya nazi, ananichana, ananisuka mistari iliyonyooka. Wala haniumizi. Mtoto wa kiume huyo."

Jamani. Jambo hilo nimelificha tangu lilipoanza. Hufunga mlango kwa komeo. Hujifanya kila Jumatano nina hesabu za kufanya. Na leo limetangazwa dirisha wazi, Mbaraka yuko chini yake, na alichokisema Mbaraka kwa sauti ya muadhini mnakijua, maana ndilo jina mnaloniita sasa hivi huko barazani: Msusi.

Maalim alifasiri yote hayo neno kwa neno, bila ya kuongeza wala kupunguza. Memsahibu akakiweka kisheti chini. Akanigeukia mimi kwa mara ya kwanza, akaniuliza kwa Kiingereza, nawezaje kumsuka mtu mwenye mabega mabovu bila ya kumuumiza?

Nikasema, naanza upande wa kulia, kwa sababu kushoto ndiko kubaya zaidi. Nikasema akiumia hasemi, lakini shingo hukaza kabla, na vidole vyangu viko pale pale, basi nalegeza, nangoja, naendelea. Nilisema bila ya kufikiri. Yeye akaandika, akaandika, akageuza karatasi yake upande wa pili.

"Na kwa nini hukuyaandika haya?"

"Aibu, memsahibu."

Maalim akaniangalia juu ya miwani, jicho lile la kaandike.

Basi memsahibu akanirudishia karatasi yangu. Niiandike upya usiku huu, nianzie hapo hapo kwenye mkeka, nimpelekee kesho, naye ataambatanisha maneno yake mwenyewe ya kunipendekeza. Nafasi bado sijaipata, lakini kabla ya leo nilikuwa naomba, na sasa yupo anayeniombea. Nilitaka kulia, nikakumbuka dirisha.

Bibi naye alikuwa ameshazindukana. Akajishika mdomo, akasema mashallah mfululizo, akapotelea jikoni, akarudi na chetezo cha makaa katia chumvi na pilipili kavu, akaanza kukizungusha juu ya kichwa changu mbele ya wageni. Mnaijua pilipili ikiungua. Memsahibu alitoka mbio akidhani nyumba inaungua, anakohoa mpaka uchochoroni, na Maalim nyuma yake kashika kisheti chake.

Sasa naomba msicheke. Kama hamuwezi, chekeni, ila haya yaliyobaki Mbaraka asiyajue mpaka kesho mchana, kwa sababu kesho asubuhi memsahibu anakwenda kwa akina Mbaraka. Baada ya alasiri bibi yake Mbaraka alikuja kwetu, akaketi mkekani, akauliza hawa watu wa kamati wanataka kuambiwa nini hasa. Bibi akamshika mkono.

"Usimsifu hata kidogo, shoga yangu," akamwambia. "Wazungu hawapendi."

Mimi nilikuwa papo hapo, nyuma ya kichwa cha Bibi, na ningesema ukweli wallahi, lakini leo ni Jumatano, na kitana nilikuwa nimekibana kwa meno.