Gaborone Iko Karibu Mno

Madina, Accra

Kwa Meneja,
Shirika la Ndege la Korongo

Ndugu Meneja,

Natumaini u mzima, wewe na ndege zako zote. Mimi ni Gaolathe Seboko, Mtswana, fundi wa majokofu hapa Accra kwa miaka mingi. Nina malalamiko kuhusu safari yenu mpya ya moja kwa moja kutoka hapa hadi Gaborone. Kwa heshima zote, inafika upesi mno.

Kwanza, zamani nilikuwa mbali. Kufika kwetu nilibadilisha ndege mara mbili, nikalala kwenye viti vya chuma, nikatua kesho yake miguu imevimba. Dada yangu Mmaphefo akinipigia simu kuniita, nilijibu, "Mbali, dada," naye akalia kidogo, akanisamehe. Maisha yalikuwa matamu. Sasa anasema, "Usituchezee, Gaolathe. Saa sita tu! Wewe si huwa unalala zaidi ya hapo Jumapili mchana?"

Pili, kwetu jambo la watoto wa dada haliamuliwi bila mjomba. Tangu mwanze kuruka nimeitwa kumpa mtoto jina, kukagua gari bovu ambalo mpwa wangu alikuwa ameshalinunua, na kupatanisha ndugu waliogombania beberu. Nilipofika, beberu alikuwa ameshaliwa.

Tatu, rubani wenu anawahi. Safari iliyopita alitangaza kwa furaha kwamba upepo unatusukuma kutoka nyuma. Nani alimwomba? Mimi hotuba zangu huzitunga angani. Tulitua nikiwa bado kwenye salamu.

Nne, kilomita elfu nne na mia nne hivi ni mwendo wa heshima, nanyi mmeushusha hadhi. Jirani yangu Efua, muuza kenkey, ananicheka mbele ya wateja: "Kaka, kwenu ni karibu kuliko kwa mama yangu Tamale! Mimi nakesha kwenye basi, wewe unakula sahani moja tu ya wali, umefika!" Nimeacha kununua kenkey kwake, na njaa inaniuma.

Basi naomba ndege ipitie Dakar kwanza, au izunguke juu ya bahari mpaka nimalize hotuba. Ikishindikana, serikali mbili zikae, zisogeze viwanja. Hilo nalo likiwa zito, nipeni tu barua yenye mhuri kwamba Gaborone imehama.

Nisalimie marubani, familia yako, na yule dada anayemimina chai bila kumwaga hata ndege ikitikisika.

Ni mimi, niliyechoka kufika,
Gaolathe Seboko

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, dada ametuma ujumbe: "Kaka, pumzika tu, tumeelewa ni mbali. Jumamosi wanakuja kumposa binti yangu Boitshepo. Mzee Mothibi, jirani, atakaa kwenye kiti chako cha mjomba. Koti lake ameshalipiga pasi."

Mothibi! Kichwa cha ng'ombe, haki ya mjomba, akile Mothibi! Na Boitshepo jina nilimpa mimi alipozaliwa, kabla sijaja Accra. Mothibi hajui kwamba binti huyo akiogopa hucheka. Watamuuliza kama anamtaka huyo bwana, atacheka, na Mothibi atasema amekubali.

Ndugu Meneja, tangu lini saa sita zikawa mbali? Futa yote niliyoandika hapo juu. Nipe kiti cha Ijumaa, hata kando ya choo. Na ule upepo wa nyuma, kama bado mnao, naomba uje wote.