Haragwe la Fundi Cherehani Limekataa Kulala

Jumatatu, 3 Machi
Daftari, hujambo? Sisi hatujambo. Baba watoto hajambo, ila mgongo. Mama mkwe hajambo, angekusalimu kama angejua nakuandikia. Pacha hawajambo, wamepigana asubuhi. Paka mzima. Baada ya salamu, kitindamimba wangu ana shida. Mwalimu kawaotesha wanafunzi wake haragwe kila mmoja, ndani ya chupa yenye pamba iliyoloweshwa. Mche utakaompendeza zaidi utakwenda maonyesho, pamoja na mwenyewe. Mwanangu hajawahi kuchaguliwa kwa lolote. Hata kubeba chaki! Chupa yake iko dirisha la ngazini, ubavuni mwa ile ya binti wa fundi cherehani, jirani yetu. La kwao limechipua. Letu limenuna. Fundi kanitania: shoga, haragwe lenu linangoja kuamshwa na chai?

Jumanne, 4 Machi
Fundi yuko kwenye cherehani yake. Nimeilaza chupa yao. Kidogo tu! Likue upande upande kama mlevi. Kisha nikaliomba radhi. Lenyewe halina kosa.

Jumatano, 5 Machi
Loo! Limekunja shingo, linapanda juu! Mzizi nao umepiga kona, unashuka. Nikasema linafuata mwanga hili. Nikaipindua chupa kichwa chini, nikaifunika ndoo. Tuone sasa.

Alhamisi, 6 Machi
Limegeuka tena! Gizani! Nani kaliambia? Nikamchokonoa mwanangu kijanja. Kasema ndani ya ncha ya mzizi mna vichembe vizito, vinatuama upande wa chini, ndivyo mzizi unavyojua pa kwenda. Shina nalo lina vyake, lakini lenyewe hupanda. Na mimi mwenye macho mawili huteleza ngazi zile zile kila siku! Nikairudisha chupa kama ilivyokuwa. Nikiulizwa, sijui kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Watoto wamepeleka chupa shuleni, mwalimu kashangilia: haragwe lenye kona zote hizo ni somo zima! Binti wa fundi kachaguliwa. Kaulizwa alifanyaje, kasema alimwagilia tu. Fundi kagawa pipi ngazi nzima. Mimi kanipa mbili. Mwanangu kalia hadi kwikwi, kasinzia mapajani pangu. Naapa, mimi na chupa za watu basi!

Jumamosi, 8 Machi
Kumbe maonyesho yameongezewa nafasi moja! Mwalimu anachagua Jumatatu. Letu limechipua, dogo, zuri, kama mwenyewe. Anayetutisha ni mtoto wa kinyozi wa ghorofa ya juu. Nimepanda kulitazama la kwao. Limesimama wima. Wima mno! Lina kiburi. Daftari, nijibu upesi, kinyozi anarudi saa sita: nikiilaza ile chupa kidogo tu, kuna ubaya?