Kabati Bila Mlango

Jumatatu, 3 Machi
Baba amechoka kuranda mbao. Jumamosi anatoa ufunguo wa karakana. Kifungua mimba ni nani? Mimi! Lakini mzee kasema atampa anayeelewana na wenzake. Wenzangu wenyewe Dada, mshona makochi, na Kitinda Mimba, fundi rangi. Hawasemezani tangu wagombanie meza ya kazi. Nikiwachochea kidogo, mpole nitabaki mimi peke yangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimemnong'oneza Dada kwamba mdogo wetu anamwita kabati bila mlango, eti hana siri. Kavimba! Nikamwendea Kitinda Mimba, nikamwambia Dada anamwita yeye kabati bila mlango. Katupa brashi. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, walisema wahenga. Mimi nimeshachukua kapu kabisa.

Alhamisi, 6 Machi
Kicheko karakanani. Kicheko! Nimechungulia. Dada kashika ngazi, Kitinda Mimba yuko juu anapaka dari. Kumbe walikutana ili watukanane, na kila mmoja akaanza na kabati. Dada akauliza ni nani nyumbani humu mwenye msemo huo tangu utotoni. Wakajibu kwa pamoja. Chai wamekunywa wawili, birika wakalimaliza. Imeniuma, nisidanganye. Dada huyo nilimbeba mgongoni mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Ufunguo wamepewa wao. Baba alifuta machozi, akasema alikuwa ameshakata tamaa kwamba watapatana. Nikamwambia aliyewapatanisha ni mimi! Akasema kweli, amesikia yote. Nikajitetea kwa methali ya jembe na kapu. Akanijibu kwamba methali ile inamwonya jirani, halafu akauliza mimi ni jirani wa nani. Dada akaongeza kwamba nikitaka kazi nije, ila nibishe hodi. Hodi! Mlango ule bawaba zake nilifunga mimi! Nawachukia wote wawili, na umoja wao.

Jumapili, 9 Machi
Nimeliona kosa langu. Nilimsahau Shangazi! Baba humsikiliza dada yake kuliko redio. Kesho nitamweleza, kwa siri, hao wawili wanamwitaje. Nilihitaji tusi jipya, zito, ambalo hakuna atakayelifuata hadi mlangoni kwangu. Nimefikiri mchana kutwa, hata chakula sikula. Nimelipata.
Kabati bila mlango. Tena linamfaa.