Trei ya Kuokea Chini ya Kiti cha Dereva

Jumatatu, 12 Februari

Barua kutoka kwa msimamizi mpya wa jengo, ambaye hata sura yake siijui. Nafasi za kuegesha zenye soketi ni za magari yaliyopita ukaguzi tu. Ukaguzi wangu ni Ijumaa. Nikianguka, nafasi yangu namba saba inakwenda kwa Kyösti wa ghorofa ya pili. Kyösti! Mwenye gari la umeme lisilotoa sauti hata ya chafya.

Nje ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Bila soketi ya kupashia injini, kigari changu hakitawaka mpaka Aprili. Miaka kumi na tisa niko nacho. Chekundu, milango mitatu, turbo, viti vya mashindano. Mke wangu Marjukka anasema viti hivyo vimemharibia mgongo. Kijicho tu.

Nimelala chini yake kwenye theluji. Chini ya kiti cha dereva kuna tundu. Ngumi imepita! Kwanza wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, inakula magari ya watu, halafu wanayakagua.

Jumanne, 13 Februari

Siku ya maandazi ya krimu, ya kila mwaka kabla ya Kwaresima. Marjukka anaitafuta trei yake ya kuokea. Nimemsaidia kutafuta. Tumefika hadi kwenye kabati la viatu.

Trei iko chini ya gari. Nimeipiga ribiti kwenye gereji ya shemeji, puti ya kuzibia juu yake, rangi nyeusi juu ya puti. Kazi safi!

Maandazi tumeletewa na Kyösti, kaoka mwenyewe. Nimekula matatu kwa uchungu.

Jumatano, 14 Februari

Nimemwona dirishani, Kyösti, anapima nafasi yangu kwa futi. Nimeshuka na ndara. Eti anapima tu, gari lake ni pana kidogo. Nimemwambia apime vizuri, maana ataishia kuiota.

Asubuhi Marjukka alikwenda kazini kwa gari la Kyösti. Ati lina joto.

Alhamisi, 15 Februari

Sauna ya bwawa la kuogelea la mji. Wanaume watano uchi, kimya, kama kawaida. Benchi la juu, joto likanipanda, ulimi ukalegea. Kando yangu mzee mmoja mwenye kitambi. Nikamhadithia yote: trei, ribiti, puti, na jinsi macho ya wakaguzi yasivyoona kitu chini ya rangi nyeusi.

Akamwagia mawe ya moto maji. Akauliza ni chini ya kiti cha dereva au cha abiria. Cha dereva, nikasema. Akaitikia kwa kichwa. Mtu wa maana sana. Wasikilizaji siku hizi hawapatikani.

Ijumaa, 16 Februari

Sikumtambua kwa sababu alikuwa amevaa nguo.

Ovaroli ya mkaguzi, kofia, jina kifuani: Urpo. Alipogeuka ndipo nikakiona kitambi cha jana. Hakugusa breki wala taa. Alichukua nyundo ndogo, akaenda moja kwa moja chini ya kiti cha dereva, akagonga mara mbili. Trei ikaanguka sakafuni, kituo kizima kikageuka. Akaiokota, akaifuta, akanikabidhi.

Nikamwambia ya sauna huishia sauna. "Ndiyo maana hapa sijakuuliza kitu," akasema.

Gari limepigwa marufuku barabarani, limevutwa hadi uani kwetu. Nimerudi kwa basi, trei mapajani.

Marjukka aliipokea trei. Hakupaza sauti. "Bomba la jikoni linavuja tangu Krismasi, Ilpo. Kwa lile bati unaloliita gari ulilala kwenye theluji." Imeniuma, sitaficha.

Jumapili, 18 Februari

Jana lori la chuma chakavu lilikibeba kigari changu. Nililia hadharani, mtu mzima! Lori halijakata kona, Kyösti kashachomeka waya wake kwenye soketi yangu. Akanipungia mkono.

Leo nimeona kingine mtandaoni. Cheupe, cha mwaka tisini na saba, turbo. Mwenyewe anasema kutu ni kidogo tu. Marjukka hajui. Bomba nitalitengeneza nikishakileta.

Mpango umekamilika. Mama mkwe, Helvi, anakaa ghorofa ya chini, ana nafasi namba tatu yenye soketi na hana gari. Ana miaka themanini na minane, haoni vizuri, anasaini chochote ninachompa. Gari litakuwa lake kwa karatasi, langu kwa usukani.

Nimekwenda sauna kutuliza akili. Safari hii sikukurupuka. Kando yangu kakaa bwana mmoja mwembamba, mpole. Kabla ya yote nikamwuliza kama yeye ni mkaguzi wa magari. Akasema hapana, yeye ni msimamizi wa majengo tu.

Nikashusha pumzi, nikamweleza yote. Aliuliza tu jina la mama mkwe linavyoandikwa. Nikamtajia herufi moja moja, asikosee.